Ufundi wa ndege: uanzie jeshini au chuo cha kiraia?

Vijana waliofaulu fizikia na hisabati huniuliza swali moja kwa maneno tofauti: nijiunge na jeshi la anga nikafundishwe ufundi wa ndege bila kulipa, au nitafute chuo cha kiraia, nilipe ada, nitoke nikiwa njiani kupata leseni? Nimefanya kazi pande zote mbili. Nilivaa sare miaka tisa, kisha nikahamia karakana za ndege za abiria, na huko ndiko niliko hadi leo.

Nianze na jambo nililolielewa nikiwa nimeshachelewa. Mtu akilinganisha njia hizi huanza na mshahara, heshima ya sare, au aina ya ndege atakazogusa. Yote hayo yana uzito wake, lakini yapo chini ya swali moja: nani ana haki ya kuweka saini kwamba ndege hii iko salama kuruka, na siku ukiondoka, haki hiyo utaondoka nayo?

Saini ya kikosi na saini ya mtu

Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944 na ukazaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unasema katika ibara ya 3 kwamba unahusu ndege za kiraia peke yake. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi zinahesabiwa kuwa ndege za dola, na mkataba hauzigusi. Hapo ndipo njia zilipoachana. Upande wa kiraia, Kiambatisho cha 1 cha mkataba huo kinaweka kiwango cha chini cha leseni ya fundi wa ndege, na nchi wanachama hujenga sheria zao juu yake: umri usiopungua miaka 18, na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege, au miaka 2 kwa aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa. Upande wa jeshi, kila jeshi linajipangia.

Matokeo yake unayaona kwenye fomu za kazi. Jeshini nilisaini kwa sababu kikosi changu kilinipima, kikaniandika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kusaini kazi fulani kwenye ndege fulani. Nilipohamishiwa kikosi kingine chenye ndege zilezile, nilirudi kusimamiwa, na aliyenisimamia alikuwa koplo niliyemzidi umri, mpaka wakubwa wa pale waliporidhika na mikono yangu. Sikuona vibaya, maana hawakuwahi kuniona nikifanya kazi. Lakini siku nilipovua sare, orodha zote mbili zilibaki kwao. Upande wa kiraia, leseni ina jina langu na namba yangu. Ni kweli mwajiri naye hutoa idhini yake ya ndani kabla sijasaini ndege yake, na nikiacha kazi idhini hiyo inakufa. Leseni haifi. Naibeba kwenda kwa mwajiri mwingine.

Asifikirie mtu kwamba jeshi linadharau usalama. Kinachotofautiana ni nani anamsimamia nani. Tarehe 2 Septemba 2006, ndege ya upelelezi ya Uingereza aina ya Nimrod, namba XV230, ilishika moto angani nchini Afghanistan, na watu wote 14 waliokuwemo wakafa. Ripoti ya Charles Haddon-Cave ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba tathmini ya usalama ya ndege ile ilikuwa imefanywa kama zoezi la kujaza makaratasi. Mwaka uliofuata Uingereza ikaunda mamlaka maalumu ya kusimamia usalama wa anga ya kijeshi. Majeshi kadhaa ya Ulaya nayo yamesogea karibu na utaratibu wa kiraia, hata kuwa na leseni za kijeshi zilizoigwa kutoka kwenye kanuni za kiraia. Kama jeshi unaloliwazia lina mfumo wa namna hiyo, mizani inabadilika sana, kwa hiyo liulize hilo kabla ya jingine lolote.

Miaka miwili ya kwanza

Jeshini unaanza ukiwa kuruta, si fundi. Ni gwaride, mbio, silaha, na kujifunza kumjibu afande kabla hajamaliza sentensi. Baada ya hapo ndipo unapelekwa shule ya ufundi. Marekani, mafundi wengi wa jeshi la anga hupitia kambi ya Sheppard huko Texas, na wa jeshi la majini huenda Pensacola. Uingereza, jina linalotajwa ni Cosford kwa jeshi la anga, na HMS Sultan kwa wanamaji. Unalipwa tangu siku ya kwanza, unalala bure, unakula bure, na vifaa vya kufundishia ni ndege halisi zilizostaafu. Kozi yenyewe hukatwa kulingana na fani uliyopewa: unafundishwa kile kikosi kinachokuhitaji ukifanye, kisha unatumwa ukakifanye. Nadharia iliyobaki utaipata baadaye, kwa vipande, ukipanda cheo.

Chuo cha kiraia kinakwenda kinyume. Chini ya kanuni za Ulaya, kozi kamili ya leseni ya B1.1, yaani fundi wa mitambo ya ndege za injini za tabini, ni saa 2,400. Ndani yake kuna hisabati, fizikia, umeme, elektroniki, vifaa na metali, mwendo wa hewa kwenye bawa, sheria za anga, tabia na mipaka ya binadamu kazini, halafu ndiyo mifumo ya ndege na injini. Alama ya kufaulu ni asilimia 75 kwa kila somo, na somo moja likigoma halifidiwi na jingine. Marekani, vyuo vilibanwa kwa miaka mingi na hesabu ya saa 1,900 kwa cheti chenye sehemu zote mbili, ya bodi ya ndege na ya injini. Tangu mwaka 2022 hesabu hiyo imeondolewa, na kinachopimwa ni umahiri wenyewe. Alama ya kufaulu mtihani wa maandishi huko ni asilimia 70, kisha unakaa mbele ya mtahini akuulize kwa mdomo na akutazame ukifanya kazi kwa mikono.

Baada ya miaka hiyo miwili, waweke vijana wawili mbele ya gurudumu moja. Wa chuo atakueleza kwa nini tairi la ndege hujazwa naitrojeni: haina unyevu wa kuganda kule juu kwenye baridi kali, na haina oksijeni ya kuchochea moto breki zinapokuwa zimechemka. Lakini gurudumu lenyewe huenda amelibadilisha mara mbili tu, mwalimu akiwa pembeni. Wa jeshini amelibadilisha mara nyingi kiasi cha kutohesabu, usiku, kwenye mvua, rubani akiwa ameshafunga mikanda. Ukimuuliza kwa nini naitrojeni, atajibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Ninawapenda wote wawili, na nimewafundisha wote wawili. Wa kwanza anahitaji giza na mvua, wa pili anahitaji dawati. Kwa uzoefu wangu, dawati ndilo linaloahirishwa zaidi, kwa sababu mvua itakuja yenyewe.

Miaka yako ya sare itahesabiwaje

Hapa ndipo ninapoona vijana wakiumia, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa.

Mtu anaondoka jeshini na miaka minane ya kazi, anadhani leseni ya kiraia ni suala la kupeleka barua. Marekani njia ni nyepesi kidogo. Sheria inataka uthibitishe miezi 18 ya kazi kama unaomba upande mmoja, wa bodi au wa injini, na miezi 30 kama unaomba vyote viwili. Kazi ya jeshini inakubalika. Unapeleka kumbukumbu zako kwa mkaguzi wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, anakuhoji, akiridhika anakupa ruhusa ya kukaa mitihani. Hata hivyo mitihani yote unaifanya, mdomo na mikono pamoja. Askari anayekaribia kumaliza utumishi anaweza pia kuruhusiwa kutumia hadi siku 180 za mwisho kufanya mafunzo kwa mwajiri wa kiraia huku bado analipwa na jeshi. Nani asingependa?

Ulaya ni ngumu zaidi. Kwa B1 ya ndege za tabini, au B2, yaani leseni ya avioniki (elektroniki za ndege), asiye na mafunzo yoyote yanayotambuliwa anatakiwa kuwa na miaka 5 ya kazi kwenye ndege zinazoruka. Mwenye ufundi stadi unaotambuliwa ni miaka 3. Aliyemaliza kozi iliyoidhinishwa ni miaka 2. Uzoefu wa kijeshi unaweza kukubaliwa mamlaka ikiridhika kwamba unalingana, lakini lazima uongeze uzoefu wa mazingira ya kiraia, na mwongozo unataja miezi 12 kwa B1 au B2, na miezi 6 kwa leseni ndogo ya A. Kwa maneno mengine, sajenti aliyekuwa akiongoza watu kumi anaingia karakana ya kiraia akiwa msaidizi, anashika tochi. Wengine hili linawavunja moyo. Mimi nilishika hiyo tochi, na ninakiri ulikuwa mwaka mrefu kuliko yote niliyofanya kazi.

Kinachoamua kama safari hiyo itakuwa fupi au ndefu ni fani uliyopangiwa. Majeshi makubwa hukata kazi vipande vyembamba. Kuna wa injini, wa haidroli (mifumo inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo), wa mabati na viraka, wa silaha, na kuna ambaye kazi yake ni viti vya kumrusha rubani nje ya ndege tu. Huyo wa mwisho anabeba dhamana kubwa mno. Kosa lake linaua mtu aliyekuwa tayari anakimbia kifo. Lakini ndege ya abiria haina kiti cha namna hiyo, na mkaguzi wa leseni hatakuwa na pa kukuandika. Anayebandika mabomu chini ya bawa yuko vivyo hivyo. Mwenye uzoefu wa bodi, mifumo na injini kwa pamoja ndiye anayevuka kwa urahisi.

Aina ya ndege nayo inasema kitu. Ndege za doria za P-8 zimejengwa juu ya Boeing 737, ndege za kujazia mafuta za KC-46 juu ya 767, na za A330 MRTT, nazo za kujazia mafuta, juu ya ndege ya abiria ya Airbus A330. Injini za CFM56 zilizofungwa kwenye KC-135, ndege za zamani za kujazia mafuta, ni ndugu wa zile za ndege nyingi za abiria. Fundi aliyelelewa na ndege hizo akiingia karakana ya kiraia anasalimiana na sura anazozijua. Aliyelelewa na ndege za kivita anaanza mbali zaidi, hata kwenye mambo madogo. Mfano ni mafuta ya haidroli: ndege kubwa za abiria kwa kawaida hutumia yale ya zambarau, mashuhuri kwa jina la Skydrol, yanayounguza macho na ngozi, za kijeshi nyingi hutumia mekundu. Hayachanganywi kamwe. Raba za kuzuia uvujaji zilizotengenezwa kwa mafuta haya zikikutana na yale huharibika. Mkono uliozoea mekundu kwa miaka minane lazima ufundishwe upya kuogopa.

Kwa hiyo ukipewa nafasi ya kuchagua kikosi, na mara nyingine wanauliza, mimi ningesema ndege za usafirishaji au helikopta. Vikosi vya helikopta mara nyingi huwa na mafundi wachache, na mafundi wachache maana yake ni kila mmoja kugusa kila kitu. Najua ndege za kivita ndizo zinazowasha damu ya kijana. Zilinivuta na mimi. Ukizichagua kwa moyo, zichague, ila uwe unajua gharama yake mapema.

Na daftari. Tangu siku ya kwanza uliposhika spana kikosini, weka daftari lako la kazi, mbali na kumbukumbu za jeshi. Andika tarehe, aina ya ndege, kazi uliyofanya kwa maneno kamili, na jina na cheo cha aliyekusimamia, kisha asaini siku hiyohiyo. Usiandike “nilifanya matengenezo”. Andika “nilibadilisha pampu ya haidroli ya injini ya kushoto, nikapima shinikizo, nikakagua uvujaji”. Panga kwa namba za sura za ATA, orodha inayoupa kila mfumo wa ndege namba yake, ambayo dunia nzima ya kiraia inaitumia: 24 ni umeme, 27 ni mifumo ya kuongozea ndege, 29 ni haidroli, 32 ni magurudumu na miguu ya kutulia. Mkaguzi wa kiraia akifungua daftari la namna hiyo anaona mara moja pale ulipojaa na pale ulipo na pengo. Uliza kwanza kipi kinaruhusiwa kuandikwa. Usiweke siri za kikosi kwenye daftari lako, na kazi inaelezeka bila hizo. Mimi sikuweka daftari miaka minne ya mwanzo. Nilipokuja kuitafuta saini ya sajenti aliyenifundisha injini, alikuwa ameshastaafu na kuhamia nisikokujua, na miaka ile ilipunguzwa kwenye hesabu yangu.

Jambo la mwisho kwenye hili: mitihani ya Ulaya inaweza kufanywa somo moja moja kwenye vituo vilivyoidhinishwa, hata ukiwa bado una sare, na masomo yote yanatakiwa yawe yamefaulika ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba leseni. Miaka kumi ni mingi. Masomo mawili kwa mwaka yanatosha na kubaki. Wanaosema watasoma wakishatoka, wengi hutoka na watoto na kodi ya nyumba, na kitabu hakifunguki.

Shinikizo la kazi

Jeshini kazi haisainiwi na mtu mmoja tu. Daima kuna jicho la pili, na mara nyingi la tatu. Vifaa vinahesabiwa kabla na baada ya zamu. Spana moja ikikosekana, ndege hairuki mpaka ipatikane. Asubuhi mnajipanga mstari mmoja na kutembea njia yote ya ndege mkiokota mawe na vipande vya waya visije vikamezwa na injini. Kinachochosha ni kingine: kuhamishwa bila kuulizwa, miezi mbali na nyumbani, kulinda lango usiku ilhali kesho una injini ya kufungua.

Karakana ya kiraia inakuacha ulale kwako, lakini inakuweka peke yako mapema zaidi kuliko unavyotarajia. Ndege inalala kwa muda wa saa sita tu, inatakiwa lango la abiria alfajiri, na mwenye leseni zamu ile ni wewe. Kila anayesomea kazi hii lazima aijue safari namba 5390 ya British Airways ya tarehe 10 Juni 1990. Kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kilikuwa kimebadilishwa zamu ya usiku, na msimamizi wa zamu aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa kuwa watu walikuwa pungufu. Alichagua bolti kwa kuzilinganisha na za zamani kwa macho, bila kurudi kwenye orodha ya vipuri, na hizo za zamani zenyewe hazikuwa sahihi. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na 6 zilikuwa fupi. Kwenye futi zipatazo 17,300 kioo kilifyatuka, rubani akavutwa nje hadi kiunoni, wahudumu wakamshikilia miguu mpaka rubani msaidizi alipoitua ndege. Alipona, na abiria wote walipona. Aliyezifunga bolti zile hakuwa mzembe wala mgeni wa kazi. Alikuwa mtu mwenye sifa nzuri aliyetaka ndege iwe tayari kwa wakati.

Ninaisimulia kwa sababu inakuonyesha uzito wa upande wa kiraia ulipo. Jeshini utachoshwa na amri. Huku utachoshwa na saa ya ukutani, na hakuna afande wa kukuzuia. Lazima uwe mtu wa kusema “haiko tayari” mbele ya meneja aliyekasirika, na kulala vizuri baada ya kusema. Kama hujijui bado kwenye hilo, miaka michache ya nidhamu ya jeshi huijenga tabia hiyo vizuri ajabu. Hiyo ndiyo sifa ya jeshi ninayoithamini kuliko kozi yoyote waliyonipa.

Ada, mkataba na kufungwa

Watu husema jeshi ni bure na chuo ni ghali. Sawa, lakini hesabu haiishii hapo. Jeshi unalilipa kwa miaka: mkataba wa kwanza huwa wa miaka kadhaa, na wakikupa kozi ndefu huongeza mingine. Upande wa kiraia nako kuna kufungwa, ila watu hawalitarajii jambo hilo. Leseni ya msingi haikuruhusu kusaini ndege kubwa mpaka ufanye kozi ya aina ile ya ndege, iwe A320 au 737, na kozi hizo ni ghali kiasi kwamba mara nyingi mwajiri ndiye hulipa. Akilipa, anakusainisha mkataba wa kubaki kwake kwa muda.

Tofauti ni kwamba ukivunja mkataba wa mwajiri unabaki na deni. Ukiondoka jeshini bila ruhusa umetenda kosa la jinai. Kijana wa miaka 18 anayesaini fomu mbele ya afisa wa kuandikisha lazima aishike tofauti hiyo mkononi kama anavyoishika kalamu.

Asiye na ada asikate tamaa haraka na chuo, hata hivyo. Kuna njia ya tatu inayosahaulika: uanagenzi ndani ya shirika la ndege au karakana kubwa, unalipwa kidogo huku unasoma. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini ukiipata umepata mazuri ya pande zote mbili. Ningeomba huko kwanza, kabla ya kuomba popote.

Mitambo au avioniki

Swali hili lipo njia zote mbili, na jibu langu ni fupi. B1 ni mitambo, bodi, injini na umeme wa kawaida. B2 ni avioniki: redio, urambazaji, kompyuta za ndege, mifumo ya kujiendesha. Wa B2 hapigwi sana na baridi wala hachafuki sana kwa mafuta. Wa B1 huwa wengi zaidi kwenye zamu kwa sababu kazi zao ni nyingi zaidi. Pima macho yako mapema, hasa uwezo wa kutofautisha rangi, maana nyaya zinasomwa kwa rangi na majeshi mengi hukataa mtu kwenye fani za umeme kwa sababu hiyo. Kama moyo wako haujaegemea popote, anza na mitambo. Kutoka huko kwenda avioniki nimeona wengi wakivuka.

Kama ndoto yako ni urubani

Wapo wanaoingia ufundi wakidhani ni ngazi ya kupandia hadi kwenye chumba cha rubani. Imewahi kutokea, na kwa mtu mkubwa: Frank Whittle alikataliwa na jeshi la anga la Uingereza kwa ufupi wa kimo, akarudi tena, akaingia mwaka 1923 kama mwanagenzi wa ufundi, akateuliwa kusomea uofisa na urubani, na mwaka 1930 akaomba hataza ya injini ya jeti. Lakini walioteuliwa naye walikuwa wachache mno kati ya mamia. Ukitaka kurusha ndege, omba urubani moja kwa moja, na uache ufundi kwa anayeutaka. Ukiingia ufundi ukiwa unatazama dirisha la rubani, utachukia kazi nzuri isiyo na kosa lolote.

Ningechagua nini

Kama lengo ni ndege za abiria, na ada inapatikana au uanagenzi umejibu, nenda kiraia moja kwa moja. Miaka yako yote itahesabiwa, na ukiwa na miaka 25 unaweza kuwa unasaini ndege. Kama ada haipo kabisa, au kama unataka utumishi wenyewe kwa moyo wako, nenda jeshini bila aibu wala woga, lakini uingie kama mtu anayejua atatokea mlango gani. Asiyeipenda nidhamu ya kuamriwa asiende kwa sababu ya kozi ya bure; miaka ya mkataba ni mirefu. Na anayependa sana nadharia asidhani chuo kitamtosha. Atafute karakana ya kujitolea hata siku za likizo, ashike bolti halisi.

Kabla ya kusaini popote, pata majibu ya maandishi. Jeshini uliza: fani yangu imeandikwa kwenye mkataba, au nitapangiwa baada ya kuapa? Mamlaka ya kiraia inatambua sehemu gani ya mafunzo yenu? Nikiwa kazini, mtaniruhusu kukaa mitihani ya kiraia? Afisa wa kuandikisha akijibu la kwanza kwa “usijali, tutaona”, usisaini siku hiyo.

Chuoni uliza: idhini yenu imetolewa na mamlaka gani, na inahusu kozi ipi hasa? Kwa sababu vipo vyuo vinavyofundisha uhandisi wa anga vizuri kabisa na kutoa diploma, ilhali diploma hiyo haipunguzi hata mwezi mmoja kwenye miaka ya uzoefu ya leseni. Uliza pia wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi kwenye ndege zinazoruka, na omba kupelekwa ukaone. Ukifika, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwambie akuonyeshe daftari lake la kazi.